Dakika Kumi na Tisa

Dereva alikuwa ameegesha gari la wagonjwa kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, mlango wazi, anamenya chungwa, wakati kioo kidogo cha kompyuta kilichofungwa kando ya usukani kilipolia. Asubuhi ile kilikuwa kimenyamaza kupita kawaida, hata muuguzi aliyekaa naye akatania kwamba huenda leo watu wameamua kuwa wazima. Dereva alijipangusa vidole kwenye suruali, akainama kusoma. Anwani aliisoma mara mbili. Ramani hakuihitaji. Namba ile ya nyumba aliipaka rangi getini kwa mkono wake mwenyewe.

"Twende," alisema, na muuguzi alipomtazama usoni hakuuliza wapi.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Maneno kwenye kioo yalikuwa machache: mwanamke, miaka sabini na moja, ameanguka, hasemi, upande wa kulia umelegea. Kwa miaka tisa dereva alikuwa akisoma maneno ya namna hiyo juu ya mama za watu.

Binti yake wa miaka kumi na nne alikuwa amesimama getini peku, na simu ndogo ya bibi yake mkononi. Shule zilikuwa zimefungwa, na nyumbani walikuwa wao wawili tu.

"Mbona mmechelewa hivi, baba?"

"Tumetoka simu ilipoingia tu."

"Nimepiga tangu kabla ya saa nne. Inaita, inaita, mpaka inakata yenyewe."

"Simu imeingia sasa hivi, mwanangu. Saa nne na dakika kumi na tisa. Nimeiona kwa macho yangu."

Muuguzi alikuwa ameshaingia ndani na machela. Bibi alikuwa sakafuni kati ya kitanda na kabati, mto umewekwa vizuri chini ya kichwa chake, kanga imemfunika miguu. Jicho moja lilimfuata mwanawe. Jingine lilikuwa limebaki linatazama ukuta.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja kabla ya mengine yote. "Ameanguka saa ngapi hasa?"

"Saa nne na robo hivi," alisema dereva.

"Kabla ya saa nne," alisema binti. "Redio ilikuwa bado inapiga nyimbo. Taarifa ya habari ilianza nikiwa napiga simu."

Daktari aliwatazama kwa zamu. "Naomba mkubaliane. Kwa kiharusi dakika hizo si mchezo. Kuna dawa nikikosea saa naweza kumuua."

Dereva alichukua simu ya bibi, akaangalia. Ilikuwa simu ya vitufe, ya zamani, ambayo kwa kila namba huhifadhi mpigo wa mwisho tu. Namba ya dharura ilionekana mara moja: saa nne na dakika kumi na tisa. Akamwonyesha daktari. Kisha akamgeukia mtoto, mbele ya daktari na muuguzi na mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga deki.

"Una uhakika na unachosema?"

"Nina uhakika, baba."

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi yake, na mtu yeyote angeona kwamba alichoandika si maneno ya mtoto.

*

Mke wa dereva alikuwa fundi wa programu. Mfumo uliopokea simu zote za dharura, ukazigawa kwa wapokeaji na kuyatuma magari, ni yeye aliyeuandika, miezi saba, yeye na vijana wawili wa muda. Hata lugha ya kuandikia aliichagua yeye, na aliipigania kweli kweli. Wenzake walitaka ile anayoijua kila mtu. Yeye alitaka lugha iliyobuniwa zamani kwa ajili ya mitambo ya simu, ambamo maelfu ya kazi huenda kwa pamoja bila moja kuivuruga nyingine.

Wapokeaji simu walipomuuliza uzuri wake ni nini, aliwaeleza hivi: kila simu ikiingia, anazaliwa mtumishi mdogo wa kuihudumia simu hiyo peke yake. Watumishi hao hawashiriki kitu, hawaazimani hata kalamu. Wakitaka kuambiana jambo wanatumiana ujumbe. Mmoja akikosea, haachwi akaendelea kukosea. Anakufa pale pale, peke yake, na msimamizi aliye juu yake anaona, anamwinua mwingine mahali pake kabla aliyepiga simu hajamaliza kuvuta pumzi.

"Kwa hiyo hawaogopi kufa," mpokeaji mmoja alisema.

"Hawaogopi. Ndiyo maana mfumo mzima haufi."

Lakini watumishi wote na wasimamizi wao walikaa ndani ya seva moja, yaani kompyuta kuu moja, na hilo fundi alilijua kuliko mtu yeyote. Katika ukurasa wa kwanza wa mpango wake aliandika: mashine mbili, vyumba viwili, njia mbili za umeme. Moja ikizima, nyingine inapokea. Mashine zilinunuliwa zote mbili. Siku tatu kabla ya uzinduzi, mkurugenzi alitaka vioo vikubwa ukumbini, wageni waone ramani ya mji na taa za magari zikitembea, na kompyuta ya kuviendesha ilikuwa haijafika.

"Tuazime hiyo ya pili," alisema. "Wiki mbili tu, Fundi. Usinitie aibu mbele ya wageni."

Fomu ya kuupokea mfumo ilikuwa na mstari uliosema kwamba umejaribiwa kwa kuzima mashine moja wakati simu zinaingia. Fundi aliushika ule mstari kwa kidole muda mrefu. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari zinamlia mkononi. Akasaini. Wiki mbili, alijiambia. Mwaka ule mkataba wake ulikuwa wa miezi sita sita, na wa mumewe ulikuwa ofisi hiyo hiyo.

Ilikuwa imepita miezi minane. Katika miezi hiyo hakuna simu hata moja iliyopotea, na fundi alikuwa ameanza kulala usingizi.

Asubuhi ile, saa nne kasoro dakika mbili, pawa saplai ya seva, kile kisanduku cha kuipa umeme, iliungua. Mtunza mitambo, mzee mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Waya, alisikia mlio kama wa kijiti kinavunjika, kisha harufu. Alitoa vifaa vyote kabatini kutafuta pawa saplai nyingine, na mwisho akaenda kuing'oa ya mashine ya ukumbini. Kwa dakika kumi na tisa wapokeaji simu walikaa na vipokea sauti masikioni, kimya. Mlio wa kuita ulikuwa wa kampuni ya simu. Simu zilifika mpaka mlangoni, zikabisha, zikabisha, na ndani hapakuwa na mtu.

Saa nne na dakika kumi na saba mashine iliwaka. Watumishi walizaliwa upya kama kawaida yao. Zaidi ya nusu saa baadaye fundi alikuwa bado amechuchumaa pembeni ya Waya, mgongo umetota jasho, mumewe alipompigia.

"Mama ameanguka. Niko naye hospitali. Mtoto anasema alipiga tangu kabla ya saa nne, sijui amechanganyikiwa."

Fundi alishika ukingo wa kabati la mitambo.

"Upo?" aliuliza mumewe.

"Nipo. Nakuja."

Hakusema lingine. Baadaye alijaribu kukumbuka kama alikusudia kunyamaza, au kama maneno yalikosa tu mahali pa kutokea.

*

Bibi alikufa siku ya tatu, alasiri, bila kusema neno. Nyumba ilijaa viti vya kuazima. Wifi yake fundi, yaani dada mkubwa wa dereva, alikuja na mabegi mawili na kushika usukani wa kila kitu: nani alale wapi, nani apike, nani alie sana kuliko inavyompasa.

Siku ya pili baada ya mazishi alimwita binti katikati ya sebule, wanawake sita wa jirani wakiwa wamekaa.

"Hebu nieleze, shangazi yako nielewe. Bibi yako alianguka saa ngapi?"

"Kabla ya saa nne, shangazi."

"Na simu inaonyesha saa ngapi?"

"Nilipiga mara nyingi. Ile simu haiwezi kuonyesha zote."

"Mbona hukumpigia baba yako? Mbona hukumpigia mama yako?"

"Salio lilikuwa limekwisha. Namba ya dharura peke yake ndiyo ya bure. Nikakimbia kugonga kwa majirani, watu wote walikuwa kazini, nikarudi nikapiga tena."

Shangazi aliwatazama wanawake, kisha mtoto. Hakupandisha sauti. Alikuwa na sauti ya mtu anayemwonea mtu huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Simu hiyo imetengenezwa na mama yako mwenyewe. Mji mzima unaisifu. Leo unataka kutuambia iligoma kwa bibi yako tu? Dakika ishirini ulikuwa wapi, mwanangu? Ulilala? Ulikuwa kwenye televisheni? Sema tu. Wewe ni mtoto, hakuna atakayekupiga. Lakini usimsingizie mama yako kazi yake."

Binti aligeuza shingo. Mama yake alikuwa mlangoni na sinia la vikombe vya chai. Macho yao yalikutana kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumwomba mtu msaada.

"Wifi, chai yako," alisema fundi, na kuinama kuitoa.

Mtoto aliondoka sebuleni. Tangu hapo hakula na watu. Wanawake walipompita ukumbini walipunguza sauti, na mmoja, mwenye nia njema, alimshika kichwa akamwambia Mungu anasamehe. Usiku baba yake alikuwa hapati usingizi, na mchana alikwepa kukaa naye chumba kimoja, maana kila alipomwona aliziona zile dakika.

*

Siku ya sita tangu bibi aanguke, fundi aliitwa ofisini. Mkurugenzi alisimama kumpa pole, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamsogezea kiti. Juu ya meza kulikuwa na bahasha ya rambirambi na karatasi moja iliyochapwa.

"Soma taratibu," alisema.

Karatasi ilisema kwamba siku hiyo mfumo ulikuwa katika matengenezo ya kawaida kwa muda mfupi, na kwamba kumbukumbu hazionyeshi simu yoyote iliyopotea. Chini palikuwa na nafasi ya jina la fundi mkuu.

"Kumbukumbu huandikwa na mashine, bosi. Mashine ilikuwa imezima. Ingeandikaje?"

"Ndiyo hivyo. Hazionyeshi. Si uongo."

"Simu ziliingia. Mtoto wangu alipiga."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Hakuwa mtu mkatili. Nyumbani alikuwa na mama mgonjwa pia. Lakini alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Nakuelewa. Sasa nielewe na mimi. Watu wakiuliza kwa nini hakukuwa na mashine ya pili, nitawaonyesha ile fomu. Jina la mwisho pale ni la nani? Nani aliandika kwamba amejaribu?"

"Ulisema wiki mbili."

"Nilisema kwa mdomo. Wewe ulisema kwa kalamu." Akavaa miwani tena. "Na mumeo ni mtu wetu. Sipendi nyumba moja ipate misiba miwili. Kaa nayo mpaka Jumatatu."

Fundi aliibeba karatasi ile ndani ya mkoba. Bahasha aliisahau mezani, na katibu wa mkurugenzi akamkimbilia nayo mpaka kwenye ngazi, mbele za watu. "Mama, rambirambi yako." Akaipokea, akasema ahsante.

Kwenye chumba cha mitambo Waya alikuwa ameifungia pawa saplai iliyoungua ndani ya mfuko wa plastiki, na kuandika juu yake tarehe na saa.

"Wamenituma niitupe, dada," alisema. "Mimi mzee, nasahausahau."

*

Jumamosi asubuhi alimchukua binti, wakaenda duka la kampuni ya simu. Hakumwambia sababu mpaka walipokuwa kwenye foleni. "Wanaweza kuchapa orodha ya simu zote za siku ile. Zikiwa zimechapwa, shangazi yako ataona mwenyewe."

Alikuwa akiitegemea karatasi ile imsemee. Karatasi ingemsafisha mtoto bila mtu yeyote kulazimika kusema jambo juu ya fomu, na vioo vya ukumbini, na wiki mbili.

Walisimama saa nzima. Kijana wa dirishani hakuinua macho. "Mwenye namba aje mwenyewe."

"Amefariki."

"Mlete cheti cha kifo."

"Kipo hapa."

"Hiki ni nakala. Kitambulisho chake?"

Fundi alitoa kitambulisho cha mama mkwe wake. Kijana alikiinua kwenye mwanga kama noti ya bandia. Nyuma yao mtu alisonya. "Na wewe ni nani wake?"

"Mkwe wake."

"Mkwe siyo damu. Anatakiwa mtoto au mjukuu."

"Mimi ni mjukuu," alisema binti.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na nne. Nilimwekea mto kichwani nikakaa naye sakafuni, nikapiga kwa simu yake namba ya dharura, haikupokelewa, na sasa kwetu wanasema nilikuwa nimelala." Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja anwani. "Naomba unichapie."

Kijana aliinua macho kwa mara ya kwanza. Akaangalia kushoto na kulia, akachapa.

Mipigo ilikuwa tisa. Wa kwanza saa nne kasoro dakika moja. Minane ya mwanzo haikupokelewa. Binti aliisoma orodha kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikimcheza. Walipotoka nje alisimama kando ya njia, watu wakimkwepa huku na huku.

"Mama. Kwa nini haikupokelewa?"

Mama yake aliangalia magari yakipita.

"Ulikuwa huko huko ofisini," alisema binti. "Ulikuwepo. Kwa nini?"

"Mashine iliungua. Dakika kumi na tisa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Binti aliikunja orodha mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena. Hakulia. Alitembea mbele mpaka nyumbani, hatua kumi mbele ya mama yake, na kila fundi alipoongeza mwendo, naye aliongeza.

*

Shangazi alikuwa sebuleni akikunja nguo za marehemu. Dereva alikuwa kwenye kochi na gazeti ambalo hakuligeuza ukurasa tangu asubuhi. Fundi hakukaa. Alijua akikaa tu hataweza kusema.

Aliwaambia. Alianza na pawa saplai, akarudi nyuma kwenye mashine ya pili, akarudi nyuma zaidi kwenye mstari ule wa fomu na kalamu. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza kazi yake, na katikati ya maelezo akajisikia akieleza vizuri, akaona haya, akaacha. Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja kuweka orodha mezani. Ilikuwa imekunjwa ndogo kama kidonge. Shangazi ndiye aliyeikunjua.

"Tisa," alisema shangazi.

"Tisa," alisema fundi.

"Na wewe, wifi, uliniona nikimsema mtoto huyu mbele ya watu."

"Nilikuona."

"Ukanipa chai."

"Nikakupa chai."

Shangazi aliweka chini gauni alilokuwa amelishika.

Dereva alikunja gazeti. "Ulijua lini?" aliuliza.

"Siku ile ile. Uliponipigia, nilikuwa nimechuchumaa mbele ya hiyo mashine."

"Daktari aliniuliza saa. Nikampa saa ya uongo. Nilimuuliza mtoto wangu mbele ya watu kama ana uhakika." Alizungumza polepole, akipanga neno juu ya neno. "Ungesema pale kwenye simu, neno moja tu, mtoto anasema kweli, daktari angejua saa."

Hilo fundi hakuwa amelifikiria. Siku nane alikuwa amejihukumu kwa dakika kumi na tisa, kwa sahihi, kwa ukimya wa sebuleni, na hili hakuwa ameliona. Akakaa sakafuni kati ya nguo za mama mkwe wake.

"Labda isingesaidia," alisema.

"Labda," alisema dereva. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na mto na shuka, akapita mbele yao kuingia chumba cha mama yake na kufunga mlango. Toka siku hiyo alilala humo.

*

Jumatatu fundi hakusaini. Aliandika kurasa tatu zake mwenyewe. Hakumwacha mkurugenzi, na hakujiacha yeye: sahihi yake aliitaja katika aya ya pili, pamoja na tarehe. Nakala alizipeleka kwa kila mjumbe wa bodi, na Waya akakumbuka mahali alipoutupa ule mfuko wa plastiki.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na hakikuwa na ushindi ndani yake. Bodi iliomba orodha kamili kutoka kampuni ya simu. Katika zile dakika simu thelathini na nne zilikuwa zimebisha, kutoka namba ishirini na moja. Namba ishirini kati ya hizo zilipiga tena na kuhudumiwa. Moja haikupiga tena. Fundi aliomba aambiwe ilikuwa ya nani, wakamwambia si kazi yake tena.

Mkurugenzi alipewa likizo, kisha akahamishiwa idara nyingine yenye kiti kama kile kile. Fundi aliachishwa kazi kwa kusaini jaribio ambalo halikufanyika. Hakupinga, kwa sababu ilikuwa kweli. Dereva walimwacha, lakini wenzake walipunguza kumtania, na muuguzi wake aliomba kubadilishwa gari. Mume wa aliyeandika barua, walisema. Wengine walisema mume wa mwanamke aliyeua.

Shangazi, kabla ya kuondoka, alikwenda chumbani kwa binti na kupiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima mwenye magoti mabovu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ulinisema mbele ya watu sita," alisema binti.

Shangazi alielewa. Alasiri ile walionekana wakienda mlango kwa mlango, shangazi mbele, binti nyuma, na kila mlango shangazi alisema maneno yale yale: nilimzulia mtoto huyu, hakulala, alipiga simu mara tisa. Kwenye mlango wa nne sauti ilikuwa imemkauka. Binti hakumwambia basi inatosha. Walimaliza yote sita. Fundi aliwatazama kutoka dirishani na hakuthubutu kuwafuata, kwa kuwa hakujua yeye angesema nini mlangoni mwa watu.

*

Siku yake ya mwisho ofisini fundi aliomba jambo moja. Mashine ya pili ilikuwa imetolewa ukumbini na kuwekwa chumba kingine, kwenye umeme wake. Aliomba afanye jaribio lile kabla hajaondoka, simu zikiwa zinaingia. Kaimu mkurugenzi, mwanamke kijana aliyeogopa kila kitu, alikataa mara mbili. Mara ya tatu Waya alimwambia, "Mama, bora izime leo tukiwa tumesimama hapa." Akakubali.

Waya alibaki kwenye chumba cha mitambo, mkono kwenye waya wa umeme. Fundi alisimama nyuma ya wapokeaji simu, saa tano asubuhi, wakati wa simu nyingi. Mmoja alikuwa akimwelekeza mtu namna ya kumlaza mgonjwa ubavu. Mwingine alikuwa akiandika jina la mtaa. Fundi aliinua simu ya ndani, akamwambia Waya, "Ng'oa."

Kwenye kioo cha kila mpokeaji alama ndogo ya kijani ilififia, ikarudi. Mpokeaji wa kwanza alisema, "Samahani, rudia hapo," mtu akarudia, akaendelea. Wa pili alimaliza kuandika jina la mtaa. Hakuna aliyegeuza kichwa. Hakuna aliyejua kwamba kitu kimetokea. Kaimu mkurugenzi aliuliza kama wameshaanza.

Fundi alitoka, akashuka ngazi za ghorofa zote tatu, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Walinzi walidhani analilia kazi.

Nyumbani alimkuta binti mezani na vitabu, maana shule zilikuwa zimefunguliwa. Walikuwa wanazungumza sasa, lakini kwa yale ya lazima tu: chumvi iko wapi, nguo zimekauka. Fundi alivua viatu, akavipanga mlangoni, akavipanga tena.

"Leo tumezima mashine moja," alisema. "Simu zilikuwa zinaingia. Ya pili ikapokea."

Binti hakuinua kichwa. "Zilikatika?"

"Hazikukatika."

"Ilichukua muda gani?"

Fundi alitamani angekuwa na jibu jingine. "Sekunde mbili."

Kalamu ya binti ilisimama. Alikaa hivyo, macho kwenye daftari, na mama yake akaona kwamba anahesabu kimya kimya. Akafika mbili, akaacha. Kisha akafunga daftari, akavikusanya vitabu vyake kimoja kimoja, akaenda kubisha kwenye mlango wa chumba cha bibi, ambako baba yake alikuwa amejilaza baada ya zamu. Alibisha mara moja tu, na mlango ukafunguliwa.